Barua kwa Serahangi: Karatasi Inasema Ulilala

Barua za mwezi huu zimenikuta kibarazani kwangu Likoni, kaskazi imeanza kuvuma na meli zinapita mbele yangu moja baada ya nyingine kuingia Kilindini. Nimezisoma zote. Tano nazijibu hapa. Nyingine nimewapigia simu wenyewe, maana zina mambo ya ndani ya nyumba za watu. Kwa msomaji mgeni: nilikuwa baharia miaka 26, na miaka 11 ya mwisho nilikuwa serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha. Sikusomea sheria darasani. Nilizisoma zikiwa zimebandikwa kwenye korido ya meli, na nyingine nilizijua baada ya mtu kuumia.

Wakala anataka dola 1,500

*Shikamoo mzee. Nina miaka 24, naishi Temeke. Nimemaliza kozi za msingi za usalama baharini ila sijawahi kupanda meli. Kuna wakala amenipigia, anasema ana nafasi ya baharia wa sitaha kwenye meli iliyoko Dubai, mshahara dola 3,000 kwa mwezi. Anataka nitume dola 1,500 za viza na za kushika nafasi, kabla ya Ijumaa. Baba yuko tayari kuuza kiwanja. Unanishauri nini? – Msomaji wa Temeke, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Mwambie baba asiuze kiwanja.

Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019, unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Unachogharamia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Na huo mshahara uutazame vizuri. Kima cha chini cha kimataifa kwa baharia kamili wa sitaha kilipandishwa Januari 2025 hadi dola 673 kwa mwezi, kabla ya kuhesabu saa za ziada. Kampuni nzuri hulipa zaidi ya hapo, lakini dola 3,000 kwa kijana ambaye hajalala hata usiku mmoja baharini, hicho ni chambo.

Nenda ofisi za TASAC, shirika la serikali la Tanzania linalosimamia mambo ya meli, uulize kama wakala huyo ana leseni. Ndugu zetu wa Kenya waende Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, hapa Mombasa. Halafu mpigie wakala umwombe kitu kimoja tu: namba ya IMO ya meli, yaani namba yake ya utambulisho ya kimataifa. Ni tarakimu saba, na meli hukaa nayo tangu inapojengwa mpaka inapokatwa chuma chakavu, hata ikibadilishwa jina, bendera na mwenyewe mara kumi. Akianza kuzunguka, kata simu.

Nitajuaje kuwa boti ni salama?

*Assalaam aleikum babu. Mimi ni mama wa watoto wanne, Wete. Dada yangu alikuwemo ndani ya meli ya Spice Islander ilipozama na mpaka leo hatujampata. Kila nikipanda boti na wanangu kwenda Unguja roho hunitoka. Nasikia sheria siku hizi zimekazwa. Mtu wa kawaida kama mimi nitajuaje kuwa chombo ni salama? – Mama wa Wete, Pemba*

Waaleikum salaam mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu dada yako.

Usiku ule wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 sikuwa nyumbani, nilikuwa kazini mbali. Tulipata habari kwa redio, na mabaharia wote wa pwani tuliokuwemo melini hatukula siku ile. Kilichoniuma, na kinachoniuma hata sasa, ni hesabu. Kwanza ilisemwa kulikuwa na watu mia sita na ushei. Kisha idadi ikapanda. Miili iliyopatikana ilikuwa 203, na baada ya uchunguzi wa tume, waliokufa pamoja na waliopotea wakahesabiwa kuwa zaidi ya 1,500. Maana yake nini? Chombo kiling'oa nanga na orodha isiyowajua wengi wa waliokuwemo. Dada yako pengine hakuwemo kwenye karatasi yoyote. Miezi kumi baadaye, Julai 2012, ikazama Skagit karibu na Chumbe, ikitoka Dar. Ile ilijengwa kuvusha abiria kwenye maji ya ndani ya ghuba huko Seattle, Marekani, nayo ikaletwa kukabili mkondo wetu wakati wa kusi. Na Septemba 2018, kule Ukara kwenye Ziwa Victoria, MV Nyerere iliyoruhusiwa kubeba watu 101 ilipinduka, wakafa 228.

Sasa swali lako. Mtu wa kawaida hawezi kukagua chuma wala injini, lakini anaweza kutazama mambo machache. Idadi ya abiria wanaoruhusiwa inatakiwa iandikwe mahali panapoonekana, itafute uisome. Tazama kwa macho yako majaketi ya kuokolea yako wapi, na kama yapo ya watoto, maana jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini. Tazama shehena imewekwa wapi. Magunia na friji zikipangwa sitaha ya juu huku watu wamejaa hadi kwenye ngazi, uzito wote uko juu, na chombo chenye uzito juu kikilala upande mmoja hakiinuki tena. Hapo shuka. Hasara ya tiketi ni ndogo.

Na jambo ambalo ningekuomba ulifanye kila safari: hakikisha jina la kila mtoto limeandikwa kwenye orodha, hata anayenyonya. Karani akikwambia "huyo mdogo hana tiketi, hana haja ya kuandikwa", simama palepale dirishani mpaka aandike. Orodha ndiyo inayotumiwa na waokoaji kujua wanatafuta watu wangapi, na mtoto ambaye hakuandikwa hakuna anayejua kuwa anatafutwa isipokuwa mama yake. Foleni nyuma yako itanung'unika. Waache wanung'unike.

Sheria zimeandikwa kwa damu?

*Mzee, mwalimu wetu chuoni husema sheria za bahari zimeandikwa kwa damu. Ni kweli au ni msemo tu wa kututisha? – Mwanafunzi wa ubaharia, Dar es Salaam*

Ni kweli, na mwalimu wako amepunguza ukali. Damu yenyewe huwa haitoshi, mpaka imwagike mahali ambapo watu wakubwa wanaiona.

Chukua Titanic, mwaka 1912. Watu hudhani ilivunja sheria kwa kuwa na maboti machache ya kuokolea watu. Haikuvunja. Sheria ya Waingereza wakati huo ilisema meli ya kuanzia tani 10,000 iwe na maboti 16, basi. Titanic ilikuwa na tani 46,000, na ilibeba maboti 20, zaidi ya ilivyotakiwa. Maboti hayo yangechukua watu 1,178, na ndani mlikuwa na watu kama 2,200. Meli zilikuwa zimekua, sheria imebaki pale pale, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuigusa. Mwaka 1914 ndipo ukaandikwa mkataba wa kwanza wa SOLAS, yaani wa usalama wa maisha baharini.

Lakini mimi hadithi ninayowasimulia vijana ni ya Herald of Free Enterprise, kwa sababu ndani yake kuna serahangi. Tarehe 6 Machi 1987 meli hiyo ya abiria na magari ilitoka Zeebrugge, Ubelgiji, ikielekea Dover, na mlango wa mbele wa kuingizia magari ukiwa wazi. Msaidizi wa serahangi aliyepaswa kuufunga alikuwa amelala chumbani kwake. Serahangi mwenyewe aliuona mlango uko wazi, akapita, kwa kuwa kuufunga hakukuwa kazi yake. Nahodha juu hakuwa na njia ya kuuona. Utaratibu wa meli ile ulikuwa kwamba asipoletewa habari mbaya, basi kila kitu kiko sawa. Manahodha wa kampuni walikuwa wameomba wawekewe taa darajani, pale meli inapoongozewa, ya kuonyesha kama mlango umefungwa, wakapuuzwa. Maji yaliingia sitaha ya magari, yakakimbilia upande mmoja, meli ikalala ubavu ndani ya dakika chache tu. Watu 193 wakafa. Kutokana na msiba huo zikaja kanuni za usimamizi wa usalama, ISM, zilizoanza kulazimishwa mwaka 1998, ambazo kwa mara ya kwanza zilimfikia hata bwana aliyekaa ofisini nchi kavu.

Nilipopewa userahangi, neno "si kazi yangu" nililipiga marufuku sitahani. Ukiona mlango wazi, ni kazi yako.

Mume wangu amekwama melini

*Salaam Serahangi. Nakuandikia kwa niaba ya mume wangu, yuko kwenye meli iliyotia nanga nje ya Sharjah. Huu ni mwezi wa nne hawajalipwa. Mchele unakwisha na maji ya kunywa wanapimiana. Kampuni kila siku inasema "wiki ijayo". Bendera ya meli ni ya nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikanyaga. Wenzake wawili wanataka kuruka meli warudi kwao. Naye afanye hivyo? – Mke wa baharia, Mtwapa*

Pole sana mama. Jibu la haraka: asiruke, na asikae kimya.

Yanayomkuta yana jina katika sheria: ametelekezwa. Mkataba ule wa 2006 uliongezewa kifungu kilichoanza kutumika Januari 2017. Mwenye meli asipolipa mshahara kwa miezi miwili, au akiwaacha bila chakula na maji, au akikataa kuwarudisha kwao, hapo ni kutelekezwa, hakuna cha kusubiri wiki ijayo. Na meli lazima iwe na bima kwa ajili ya jambo hilo. Cheti cha bima kinatakiwa kibandikwe mahali mabaharia wanapokiona, mara nyingi karibu na chumba cha kulia. Mwambie mumeo aende akipige picha leo. Kina jina la bima na namba ya kupiga. Bima hiyo inalipa mishahara hadi miezi minne, chakula, maji, na nauli ya kurudi nyumbani. Kumbuka hiyo minne. Wako mwezi wa nne, kila wiki wanayosubiri kuanzia sasa inatoka kwenye mifuko yao.

Apige picha pia mkataba wake wa kazi, namba ya IMO ya meli iliyoandikwa ubavuni au shetri, yaani nyuma, hati za mshahara, ghala la chakula lilivyo, na tangi la maji. Avitume vyote kwako, maana simu inaweza kuzama au kuchukuliwa. Wewe ukishavipata, peleka KMA Mombasa na kwa mkaguzi wa shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi, ITF, ambaye yupo Mombasa pia. Wao wataandikia nchi ya bendera. ITF haiulizi kwanza kama mumeo ni mwanachama.

Kwa nini asiruke? Kwa sababu deni la mshahara wa baharia linaifuata meli yenyewe. Meli ikikamatwa na kuuzwa kwa amri ya mahakama, mabaharia huwa miongoni mwa wa mwanzo kulipwa, mbele ya benki. Akishuka bila utaratibu, anaweza kuambiwa alitoroka, na huko ugenini atakuwa mtu asiye na viza. Ashuke, ndiyo, lakini ashuke kwa karatasi: hesabu ya deni lake imeandikwa na kutiwa sahihi na nahodha, na nauli iko mkononi.

Na kuna jambo moja nakuomba umwambie leo hii kwa simu. Akiletewa karatasi yoyote ya kumfanya yeye mwangalizi au mlinzi wa meli, asiipokee bila mwanasheria. Baharia wa Syria, Mohammad Aisha, alikuwa chifu ofisa, yaani msaidizi mkuu wa nahodha, wa meli iitwayo Aman, iliyozuiwa Misri mwaka 2017. Mahakama ikamfanya mlinzi wa kisheria wa meli, na anasema hakuelezwa maana yake. Wenzake wakaondoka mmoja mmoja, yeye akabaki. Mama yake akafariki akiwa humo. Mwishoni alikuwa peke yake kwenye meli isiyo na umeme. Dhoruba ilipoisukuma karibu na ufuko, akawa anaogelea nchi kavu kila baada ya siku chache kununua chakula na kuchaji simu. Aliachiliwa Aprili 2021, karibu miaka minne.

Kuhusu bendera umeuliza kwa uchungu, na una haki. Mwenye meli huchagua bendera kama mtu anayetafuta duka la bei nafuu: kodi ndogo, maswali machache. Sheria inayomlinda mumeo ni ya nchi hiyo, ndiyo maana nasema nchi inayouza bendera yake inauza pia ahadi ya kuwatunza watu. Na sisi tusijitoe. Bendera ya Tanzania, kupitia daftari la Zanzibar, imepeperushwa na meli za wageni wasiojua hata Zanzibar iko wapi. Mwaka 2012 zikagunduliwa humo meli za mafuta za Iran, na Januari 2018 Rais Magufuli akaamuru uandikishaji wa meli za kigeni usimamishwe. Yule aliyetelekezwa Karachi au Istanbul chini ya bendera yenye rangi zetu, mkewe alikuwa akimwandikia nani?

Nitumie namba yako kupitia mhariri, mama. Nitakusindikiza ofisini mwenyewe.

Nitie sahihi?

*Serahangi, salaam. Nakuandikia nikiwa melini. Ni baharia wa sitaha, miaka 29, kwetu Kwale. Hii ni meli ya makontena, tunaingia bandari mpya kila baada ya siku mbili. Kila mwisho wa mwezi chifu ofisa anatuletea karatasi za saa za kupumzika, zimeshajazwa kwenye kompyuta. Zangu zinaonyesha kila siku nimepumzika saa 10 au zaidi. Mwezi uliopita kuna siku nililala muda wa saa tatu. Amesema nisipotia sahihi ripoti yangu itakuwa mbaya na kampuni haitaniita tena. Nina mtoto mchanga nyumbani. Nitie sahihi? – Baharia wa Kwale*

Mwanangu, barua yako nimekaa nayo siku tisa.

Mwaka 2009 nilikuwa serahangi kwenye meli ya shehena. Tulikuwa tumeshusha makaa ya mawe, na bandari iliyofuata tulikuwa tupakie nafaka. Unajua maana yake: ngama tano, yaani vyumba vya shehena, zifagiliwe, zioshwe, zikauke, mkaguzi apitishe kidole cheupe ukutani kitoke cheupe. Safari ilikuwa ya siku mbili. Tulikuwa sitahani watu sita mahali ambapo zamani wangekuwa kumi. Tulifanya kazi usiku na mchana, tukilala kwa zamu juu ya magunia ya vitambaa, na chai ikiletwa kwa ndoo.

Kulikuwa na kijana wa Tanga, miaka 22, akiniita mjomba. Tulimaliza ngama ya mwisho saa nane usiku. Saa tisa na nusu tukaamshwa: gati limepatikana, twende tukafunge meli. Mbele gubetini tulikuwa watatu, mimi, yeye na Mfilipino mmoja. Sitaha ilikuwa imelowa. Kamba ilikuwa inakazwa na winchi, na nikamwona yule kijana amesimama ndani ya kitanzi chake. Macho yako wazi. Yeye mwenyewe hayumo. Nilipiga kelele, nikainua mkono kwa mtu wa winchi, naye pia alikuwa mtu wa kuamshwa saa tisa na nusu, mkono wake ukachelewa. Kamba ikamchukua mguu wa kushoto juu kidogo ya kifundo. Kiatu chake kilibaki kwenye sitaha, kimesimama, kamba zake zimefungwa vizuri fundo mbili, kama alivyozoea kufunga.

Wachunguzi walipokuja waliomba karatasi za saa. Zilikuwa safi kabisa. Siku ile yeye alionyeshwa kupumzika saa 11. Ilikuwa na sahihi yake, na chini yake sahihi yangu mimi, kama msimamizi. Basi wakaandika kwamba baharia aliyekuwa amepumzika vya kutosha alisimama mahali pa hatari kwa uzembe wake. Fidia aliyolipwa haikufika nusu ya ile iliyoandikwa kwenye mkataba wake. Hakukuwa na shahidi mwingine dhidi yake isipokuwa ile karatasi, na ile karatasi tuliiandika sisi.

Leo ana duka dogo Tanga, anauza vocha na soda. Huwa naenda kumwona kila mwaka. Hajawahi kunilaumu. Mara moja tu, tunakunywa kahawa, akaniuliza: "Mjomba, zile saa kumi na moja nilizilala wapi?"

Usitie sahihi.

Sasa nikwambie jinsi ya kukataa, maana kukataa kuna ufundi wake. Sheria ni hii: upate kupumzika si chini ya saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Saa hizo 10 zinaweza kugawanywa mara mbili tu, na kipande kimoja kiwe saa sita mfululizo. Dharura ya kweli, kama moto au mtu kuanguka baharini, nahodha anaweza kukuamsha wakati wowote, ila baadaye akurudishie pumziko. Kufunga kamba gatini si dharura. Na nakala ya karatasi uliyotia sahihi ni haki yako kupewa.

Nunua daftari dogo. Andika kila siku saa uliyolala na saa uliyoamshwa, na kazi uliyoamshiwa. Kalamu ya wino, usiache mistari mitupu. Karatasi ya kompyuta ikija, mwombe chifu ofisa kwa adabu airekebishe ilingane na daftari. Akikataa na ukaona huna budi kuweka jina lako, andika pembeni yake kwamba hukubaliani na saa zilizoandikwa, tia tarehe, kisha ipige picha. Melini lazima kuwe na utaratibu wa malalamiko, na ulipopanda ulitakiwa upewe nakala yake. Unaruhusiwa kwenda moja kwa moja kwa nahodha, na unaruhusiwa kumfikia mkaguzi wa bandari. Mkaguzi huyo anatakiwa kuficha jina la aliyelalamika. Kenya na Tanzania zote zimo kwenye makubaliano ya ukaguzi wa bandari za Bahari ya Hindi, kwa hiyo mkaguzi wa Kilindini au wa Dar ana mamlaka ya kuizuia meli yenu hata kama bendera ni ya mbali. Mkaguzi mzuri hatazami karatasi ya saa peke yake. Anachukua logi ya daraja, anatazama meli ilifungwa gatini saa ngapi, kisha anauliza: aliyeshika kamba saa tisa usiku ni nani, mbona wote mlikuwa mmelala?

Sitakudanganya kwamba haitakugharimu. Mimi nilipokataa mara ya kwanza, mwaka 2010, nilikaa nyumbani miezi saba bila kuitwa. Mke wangu aliuza maandazi. Kisha nikapata kampuni nyingine, na huko niliheshimiwa kwa daftari langu. Siwezi kukuahidi kuwa nawe utapata.

Chifu ofisa wako usimchukie. Sina shaka hata yeye halali. Tarehe 3 Aprili 2010, meli ya makaa iitwayo Shen Neng 1 ilipanda mwamba kwenye matumbawe makuu ya Australia, saa chache baada ya kutoka Gladstone. Chifu ofisa aliyekuwa zamu, wachunguzi walikuta, alikuwa amelala muda wa saa mbili na nusu tu katika saa 38 na nusu zilizotangulia. Na mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bahari cha Dunia, kilichoko Malmö, Uswidi, walionyesha kwamba kurekebisha kumbukumbu za saa kumekuwa mazoea kwenye meli nyingi duniani. Mtu hadanganyi kwa kupenda. Anapewa watu pungufu, bandari nyingi, na fomu ambayo kompyuta inageuka nyekundu ukiandika ukweli. Ofisi haitaki nyekundu.

Wakubwa wakikaa kukaza sheria, ninachowaomba ni hiki. Waache kuongeza fomu. Waongeze watu. Kila meli ina cheti cha idadi ya chini ya mabaharia, na idadi hiyo hutolewa na nchi ya bendera. Nchi moja ikidai watu wengi, mwenye meli anahamia bendera ya pili. Idadi hiyo ipimwe kwa kazi yenyewe, kwa bandari na kamba na ngama za kuosha, na iwe moja kwa bendera zote. Hapo yule kijana wa Tanga angekuwa kitandani, na kamba ingeshikwa na mtu aliyeamka.

Umesema meli yenu itafika Kilindini kabla ya Ramadhani. Mhariri anayo namba yangu. Nitakuja na mkaguzi, tutakuwa nje ya lango, si lazima mtu yeyote akuone ukiongea nasi. Njoo na daftari. Kwa hiyo anza leo usiku: andika saa uliyopanda kitandani, na ukiamshwa, hata kama ni nusu saa baadaye, washa taa uandike na hiyo.